Vitu Vinavyozunguka Juu ya Annexe

Komeo la mbao lilifunguka, tak, nyuma ya nyumba ya Mama Laurentine. Bado kulikuwa giza. Alisimama kidogo akiangalia juu, kisha akaingia jikoni na kuweka maji ya chai kwenye mbabula. Makaa yaliposhika moto, alitoka na kigoda chake, akaketi mlangoni.

Jua lilikuwa halijapanda vizuri jeep ya jeshi ilipofika. Ilikuwa siku ya tatu mfululizo. Ilisimama katikati ya barabara ya vumbi ya Annexe, mbele ya nyumba yake, na askari wakashuka na bunduki zao.

"Munarudia tena?" aliuliza bila kuinuka. "Ku camp hamuna kazi ingine?"

Luteni Donat, kijana mrefu mwenye macho ya usingizi, alivua kofia kama mbele ya bibi yake.

"Bonjour, Kambo. Rada imeona tena. Bintu binazunguka juu ya nyumba zenu, binashuka, binapotea. Hakuna mwenye anajua ni nini. Bakubwa banasema pengine ni droni."

"Droni! Mi sina hata ampoule ya taa ya chumba, droni nitaipata wapi?"

Koplo Katongo alicheka. Donat hakucheka.

"Haina muchezo, Kambo. Mwenye anabirusha, tutamufunga."

"Mumufunge. Lakini kwanza mumupate."

Honi ililia nyuma ya jeep. Mashine kubwa ya kubomoa, ya rangi ya njano, ilikuwa imefika na haikuwa na pa kupita. Kila nyumba ya mtaa huo ilikuwa imepakwa msalaba mwekundu ukutani. Tajiri mmoja wa mtaa wa Karavia alidai kwamba eneo lote alikuwa amelinunua. Jaji wa kesi hiyo aliahidi kuja mwenyewe Ijumaa, azione nyumba na watu wanaoishi humo kabla ya kuamua. Tajiri alitaka jaji akute uwanja mtupu. Na siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Nyumba ya Mama Laurentine ndiyo ingekuwa ya kwanza kubomolewa. Marehemu mume wake aliijenga baada ya kuacha kazi ya reli, akifyatua matofali mwenyewe, na watoto wao watano walizaliwa humo.

"Chef, tosha ile jeep mu njia!" dereva wa mashine alipaza sauti. "Kila siku saa sita ya midi iyi mashine iko ya kurudisha ku mine!"

"Wakati tunatafuta, hakuna mutu anapita," Donat alijibu. "Ngoja pale."

Hortense, jirani wa upande wa pili, alikuja mbio akishika kitambaa chake cha kichwa. "Yaya, dada yangu, basoda huku, mashine kule! Leo tunaisha."

"Kamata kikombe, ngoja chai," Mama Laurentine alimwambia. "Haujaisha."

Askari walitafuta nyumba kwa nyumba. Waliangalia juu ya mabati, ndani ya mashimo ya taka, chini ya vitanda. Donat aliwaambia vijana wake wazunguke, wasikanyage matembele ya watu. Katongo, alipomwona Mama Laurentine akiinama kushika ndoo ya maji, aliining'iniza bunduki begani na kuibeba ile ndoo hadi jikoni bila kuombwa. Mama Laurentine hakusema asante. Lakini chai ilipoiva, kikombe cha kwanza kilikuwa cha Katongo, na kilitiwa sukari nyingi.

Ulimi wake tu ndio haukulainika.

"Munatafuta kama bantu banaogopa panya! Kule kwa Hortense hamuyafika. Na ile nyumba ya kona? Basoda gani aba?"

"Kambo, tutafika," Donat alisema akipangusa jasho. "Tuachie pumuzi."

Wakafika kwa Hortense. Wakafika kwenye nyumba ya kona. Dereva alipiga honi mpaka akachoka, akalala juu ya usukani. Jua lilipokuwa karibu kusimama katikati, aliamka, akaitukana barabara nzima, akageuza mashine.

"Kesho!" alipaza sauti akiondoka. "Kesho hamuponi!"

Vumbi lilikuwa halijatua Katongo alipoanza kucheka nyuma ya nyumba.

"Chef! Kuya uone droni!"

Kwenye kibanda kidogo cha mbao, njiwa walikuwa wakishuka mmoja mmoja kutoka angani na kuingia kwa adabu, kama watu wanaorudi kutoka misa. Donat alijishika kichwa.

"Siku tatu! Jeep, mafuta, bunduki, yote juu ya njiwa!"

Askari wote walicheka. Hata Hortense alicheka, mkono mdomoni.

"Nitaambia bakubwa bintu bimejulikana," Donat alisema akivaa kofia. Sauti yake ilikuwa ya upole sasa. "Utusamehe, Kambo, tumekusumbua. Imeisha. Hata rada ikiona tena asubuhi, hatutakuya."

Mama Laurentine peke yake hakuwa amecheka. Alisogea kibandani, akamtoa njiwa mmoja, akampindua taratibu. Kwenye mguu wake kulikuwa na utepe mrefu wa karatasi ya kung'aa, ile ya ndani ya pakiti za maziwa ya unga. Aliufungua, akauweka kwenye kiganja cha luteni.

"Haina kosa ya njiwa," alisema. "Ni mimi. Minabafunga bote ivi, mbele ya jua kutoka, juu rada yenu ibaone muzuri."

"Yaya!" Hortense alipiga kelele.

Donat aliuangalia ule utepe, akamwangalia yeye.

"Kambo, unajua juu ya hii tunaweza kukufunga?"

"Minajua. Lakini leo nimechoka. Mukuye kunifunga kesho asubuhi, mapema, na jeep muisimamishe pale pale kati ya barabara. Na kama kesho mutasahau pingu, mutarudia tena Ijumaa."