Nafasi kwenye Mkeka

Bi Tunu alipoketi kwenye dawati la mbele, mwalimu wa lugha alitabasamu. "Bibi, kwa umri huu? Unasafiri?"

"Aliyesafiri ni mume wangu, mwanangu, naye hajatoka barazani."

Tangu Mzee Barongo augue, Kiswahili kilimtoka chote, akabaki na lugha ya utotoni mwake, ng'ambo ya milima. Kila asubuhi alimuuliza mkewe swali lilelile, naye mke asilielewe.

"Basi tuanze na salamu."

"Salamu baadaye. Nifundishe kusema kwa lugha yake: nipo hapa."

Alirudi nyumbani polepole, maneno yale mdomoni kama maji aliyoyakinga kwa viganja. Akayasema. Mzee alimtazama kwa muda mrefu, kisha akasogea, akamwachia nafasi mkekani.