Mpiga Ngoma wa Kumi na Mbili

Sanduku liligoma kufungika. Muatasim akalikalia, akarukaruka juu yake, akaishia kuanguka chali huku akicheka. Ndani mlikuwa na masweta manne, bakuli tatu za halwa ya Nizwa na dawa ya kuchua magoti.

"Hatoki mtu hapa," alisema mama yake, Azza, akiwa ameziba mlango.

Fujo ilianzia Al Mintirib, kwenye kambi ya watalii ya jangwani ambako Muatasim ni dereva. Birika Bluu, bendi ya roki ya Kanada anayoipenda kufa, ilikuja kupiga picha za video mchangani. Wallahi, aliwajua wote waliowahi kuipigia kwa miaka arobaini: mpiga gitaa aliyekwenda kufuga nyuki, waimbaji wawili waliooana wakaachana, wapiga ngoma kumi waliogombana na kila mtu. Wa kumi na moja aliwapenda ngamia wa kambini, akakataa katakata kurudi kwao.

Ijumaa iliyofuata Muatasim alimchukua bibi yake kwenda kuona mchanga. Ngoma zilikuwepo, hazina mwenyewe. Basi zikapigwa, zikapigwa hasa, mpaka mwimbaji, Duncan, akasahau chai yake ikapoa. Hapo hapo akasema wamepata mtu. Kulikuwa na miji ishirini ya Kanada inasubiri.

Azza hakutaka hata kusikia. Bendi gani hii, inabadilisha watu kama foronya? Mtu akiugua huko kwenye barafu, nani atamwuguza? Akamwambia Muatasim kwamba makosa yote ni yake, yeye na muziki wake.

Bi Tamima, bibi yake Muatasim, alikuwa akigonga sinia la kahawa kwa vidole, mazoea yake tangu Unguja, na machozi yanamlengalenga.

Nje gari la bendi likapiga honi. Duncan akapaza sauti, "Shikamoo!" Neno lenyewe kajifunza juzi, na tangu hapo halimtoki mdomoni.

Sinia likazidi kulia. Mguu wa Azza ukaanza kucheza wenyewe. Akaukazia macho, haukusikia. Akacheka, akakasirika kwa kucheka, akacheka tena mpaka akajishikiza ukutani. Kisha akaingia chumbani, akatoka na kimfuko.

"Haya, nenda," alisema. "Lakini vidonge vya presha asubuhi na jioni, Mama. Na ukifika, nipigie."

Bi Tamima alikuwa keshavaa viatu, vijiti vya ngoma viko kwapani.