Gauni Limevaliwa Mara Moja

Mama Dorothée hakutazama gauni kwanza. Alitazama viatu.

Vilikuwa viatu vya mwanaume, vimepigwa rangi, vimepangwa mlangoni pa Immaculée, muuzaji wa gauni. Mama Dorothée alimgusa binti yake Nadège kwa kiwiko. Kumbe nyumba hii ya mjini Baraka ilikuwa na bwana, na tena bwana anayevua viatu kabla ya kukanyaga sakafu. Kule kwao Fizi, mumewe Alphonse aliingia na matope yake mpaka kitandani.

Tangazo walilipata WhatsApp, kwenye kundi la wauzaji: "Robe ya arusi, imevaliwa mara moja, iko muzuri sana. Mwenyewe niko ndani ya ndoa miaka sita." Picha ilipendeza, lakini Mama Dorothée alishaumwa na picha. Binti yake mkubwa, Espérance, aliolewa na gauni la WhatsApp. Baadaye ikajulikana kwamba aliyeliuza alikuwa amemkimbia mumewe, na kabla mwaka haujaisha Espérance naye alirudi nyumbani na godoro kichwani. Mama Dorothée ni mtu wa kanisa, mambo ya uchawi hana habari nayo. Ila gauni la mwanamke aliyeachika halingepita tena mlangoni pake. Arusi ya Nadège ilikuwa Jumamosi, na huyu lazima akae kwa mumewe.

Basi alituma ujumbe wa sauti: "Mama, mbele ya kulipa tunakuja kuangalia ndoa yenyewe. Bwana asitoke."

"Karibuni," alijibu Immaculée.

Na kweli sebuleni alikuwemo, kijana wa shati jeupe. Alipowaona alisimama, akampa Mama Dorothée kiti chake, yeye akaenda kukaa kwenye kigoda karibu na mlango. Immaculée alileta bugali na ndakala, wale dagaa wa ziwani.

"Asante sana, mama. Pole na kazi," kijana alimwambia Immaculée alipokuwa akirudi jikoni, akala bila kuuliza chumvi iko wapi.

Mama Dorothée alikohoa. Mtihani ulianza.

"Baba, siku ya arusi unaijua?"

"Ah, mama! Siku ya posho, tarehe kumi na mbili, saa tatu ya asubuhi. Naweza kuisahau?"

Jumamosi, na hata saa! Alphonse hakumbuki mwezi, seuze siku. Nadège alimwinamia mama yake sikioni. "Maman, ni tarehe kama yetu."

"Basi ni alama," alinong'ona Mama Dorothée, kisha akamgeukia tena yule kijana. "Na mahari?"

"Nimemaliza, mama. Mbuzi ya mwisho nimeipeleka juma hii, mi mwenyewe, kwa miguu."

Mama Dorothée alipaliwa na maji. Miaka sita, na mtu bado anapeleka mbuzi mpaka watimie! Mbuzi wawili wa mahari yake yeye, wanaodaiwa na kaka zake, Alphonse anasema wako njiani tangu Espérance hajazaliwa.

"Na bibi, unamupenda kweli? Usinidanganye."

Kijana aliinamisha macho. "Mama, siku tatu hizi hata usingizi sipati juu yake."

Nadège alipangusa chozi kwa ncha ya kitenge. Kijana naye alionekana kuona haya, akainuka. "Mama, naomba ruhusa nitoke inje kidogo."

Alimwomba nani ruhusa, nyumbani mwake mwenyewe? Mama Dorothée alimruhusu, na hakuona haja ya kuuliza swali lingine. Alimfuata Immaculée jikoni.

"Mutoto wangu, bwana kama huyu ulimutoa wapi? Hakupigi?"

Immaculée alikoroga sufuria kwa muda mrefu kidogo. "Huyu? Hajanipandishia sauti hata siku moja."

"Na kuzunguka na bamama wengine?"

"Mama, mi sijamusikia na mwanamuke yeyote."

Mambo yakaisha hapo hapo jikoni. Gauni lenyewe hawakulikunjua hata kulitazama mgongoni. Mama Dorothée alilipa bila kuomba apunguziwe, jambo ambalo Nadège hakuwahi kuliona tangu azaliwe, akaukumbatia mfuko wa plastiki kifuani. Moyo wake ulitulia kwa mara ya kwanza tangu Espérance arudi na lile godoro. Immaculée aliwaaga harakaharaka, akafunga mlango wa mbele, na komeo likasikika.

Walipanda pikipiki, Nadège katikati, mama nyuma na mfuko wake. Dereva alikuwa ameshawasha injini, ndipo yule kijana akatokea nyuma ya nyumba akikimbia, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Mama! Ngojeni kidogo!"

Mama Dorothée alimchekea kama mtoto wake wa kumzaa. "Sema, baba."

Kijana alikuwa anauangalia mfuko. "Samahani, mama. Vile ulikuwa unaniuliza, mi nilifikiri wewe ni mama wa hii nyumba. Kumbe na wewe ulikuja juu ya robe." Alivuta pumzi. "Haizuru, mi nitatafuta ingine. Lakini nikirudi Lweba fiancée yangu ataniuliza. Alinikataza kuigusa mbele ya kumuona kwa macho bwana wa hapa, na namungojea tangu asubuhi. Wewe ulimuona wapi?"