Milimita Nne

Shule ilikuwa imefungwa tangu wanafunzi wahame na wazazi wao kufuata maji. Hata hivyo, kila siku saa tatu asubuhi Mwalimu Mwanaidi alikwenda uwanjani, akainamia kipimamvua na kuandika sifuri kwenye daftari.

Leo kipimamvua kilikuwa na maji ndani yake. Aliyasoma kwa usawa wa jicho, kama alivyokuwa akiwafundisha watoto: milimita nne. Akatazama chini. Vumbi lilikuwa kavu, na nyayo za kandambili zilitoka pale kwenye kipimamvua moja kwa moja hadi kibanda cha mlinzi.

"Shekue, umemimina maji humu?"

Mlinzi alisimama mlangoni, macho chini. "Siku sitini na moja nakuona ukiandika sifuri, Mwalimu. Ukishaandika, unapita hapa hata salamu hutoi."

"Hii si mvua. Nikiandika nne nitakuwa nimedanganya."

"Najua. Ni maji yangu ya chai."

Mwanaidi alifungua daftari. Kisha akaandika sifuri, maana ndiyo mvua iliyonyesha. Pembeni kulikuwa na safu ya maelezo, ambayo tangu shule ifungwe haikuwahi kupata neno. Akaandika humo: Shekue yupo.

Akachomoa chupa ya kipimamvua, akaishika kwa mikono miwili maji yasimwagike, akazifuata zile nyayo taratibu hadi kibandani, ambako jiko lilikuwa limeshawaka na sufuria ya chai haijajaa.