Mkono wa Mama Una Tiki

Mama yangu ni noma, nakwambia. Hapa Tanga mtaa mzima hakuna biashara ya vitumbua yenye tiki ya bluu ila yake. Wengine walifelia kwenye mkono. Maana siku hizi mtandao hauthibitishi jina, unathibitisha mkono. Mama alipikishwa mbele ya kamera wiki nzima, na kila kitumbua kikatoka sawasawa na mwenzie. Tiki ilipowaka nililia, mwanaume mzima! Sasa wateja mpaka wa Maskati wanaagiza, wote wanamwita dada Riziki.

Gharama yake ni moja tu. Mkono ukishathibitishwa, chochote unachopika ni bidhaa. Ukimpa mtu bila oda, tiki inazima na haiwaki tena.

Zamani kitumbua cha kwanza kilikuwa cha Tatu, mdogo wangu. Mama anakipuliza kwanza, ndio anampa. Leo asubuhi Tatu kanyoosha kiganja kama kawaida yake. Mama kashika kitumbua, kaangalia ile kamera, bado iko ukutani inamtazama, kakirudisha kwenye sinia.

"Mwambie kaka akuagizie, mwanangu."

Nikaagiza, nimekaa hapohapo jikoni. Simu ya Mama ikalia. Akakifunga kwenye boksi, akamletea Tatu kwa mikono miwili, na lile tabasamu lake la nyota tano.

"Karibu tena, mteja wetu."

Tatu akakipuliza mwenyewe, akala chote, akafuta mdomo.

"Asante, dada," akasema.