Kura Moja ya Upinzani

Nilichokiona kwanza ni kidole cha Shigela. Hakikuwa na wino kama vyetu. Alikuwa wakala wa upinzani, na kutwa nzima alikaa kituoni peke yake. Hakuna aliyempa hata maji, nikiwemo mimi.

Jioni msimamizi akasoma matokeo: Chama kura mia mbili na kumi, upinzani moja.

“Shigela bwana, umejipigia mwenyewe!” Watu wakacheka.

“Mimi nimejiandikisha Misungwi,” alisema. “Hapa sijapiga.”

Kicheko kikakatika. Mume wangu, balozi wa Chama wa nyumba kumi, akaanza kututazama mmoja mmoja. Shigela naye alitutazama, kama mtu anayetafuta ndugu.

Niliinama mpaka akapanda baiskeli akaondoka.

Ile kura ilikuwa yangu, Shigela.