Tone la Rangi ya Kucha

Kila Hemedi alipokuja kuosha gari la marehemu kaka yake, gari lilianza kuzimikazimika. "Limechoka, shemeji. Niachie mimi," alimwambia Zawena, mjane wa kaka yake.

Leo Zawena alitangulia kufungua boneti. Alidondosha tone zito la rangi ya kucha juu ya skrubu ya silensa, ile ya kurekebisha mngurumo wa injini gari likiwa limesimama, ambayo ikilegezwa kidogo tu injini haitulii.

Hemedi aliosha, akafuta. Zawena akawasha. Gari likatetemeka, likazimika.

"Hukugusa kitu humu ndani?"

"Hata boneti sijafungua, shemeji."

"Basi niazime bisibisi yako."

Hemedi akaichomoa mfukoni, akaiona ncha yake, akaifumbata haraka. Mkono wa Zawena ulibaki umenyooshwa mbele yake, kucha zote tano nyekundu.